Mkataba Si Mshahara: Maisha ya Wanaohama Timu kwa Timu

Shikamooni wazee wangu. Na nyie vijana mlioketi nyuma na simu zenu, habari zenu. Walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea; wanivumilie tu, maana wazazi hawajaacha kunipigia kuniuliza lilelile: "Mwalimu, mwanangu ana kilo mia na thelathini, anacheza mstari wa mbele, atapata milioni ngapi?"

Mchezo wenyewe, futiboli ya Kimarekani, siwafundishi. Mmeishi hapa Texas miaka, kila Ijumaa jioni mko jukwaani na mablanketi. Mimi namtaka mtu ambaye televisheni haimtaji: mlinzi wa mstari wa mbele ambaye leo yuko Dallas, kesho Kansas City, keshokutwa amekaa nyumbani anasubiri simu ya wakala.

Mchukueni Efe Obada. Alizaliwa Nigeria mwaka 1992, akapelekwa Uholanzi, na akiwa na miaka kumi akaletwa London yeye na dada yake, wakatelekezwa mjini. Amekua akihamishwa kutoka nyumba ya walezi hii hadi ile. Mpira huu ameuanza mwaka 2014, mtu mzima, katika timu ya London Warriors. Chuo kikuu cha Marekani hajakichezea hata dakika moja. Mwaka 2015 Dallas Cowboys wakamsaini. Hapo ndipo nyote mngechinja mbuzi, sivyo? Haya. Dallas wakamtema. Mwaka 2016 akapita Kansas City, akapita Atlanta, kote akaachwa. Mwaka 2017 Carolina Panthers wakampokea kupitia mpango wa NFL, ligi kuu ya mchezo huu, wa wachezaji kutoka nje, akamaliza msimu mzima kwenye kikosi cha mazoezi. Yaani kuanzia Jumatano anagongana na wenzake, Jumapili anavaa nguo za kawaida.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo wazazi hunipotea. Kambini kila timu huingia na wachezaji 90. Msimu unapokaribia kuanza, panga linapita, wanabaki 53. Timu ziko 32. Pigeni hesabu: karibu wanaume 1,200 wanapoteza kazi ndani ya siku chache, na hao ndio bora kati ya bora. Na hakuna sherehe ya kuagana. Asubuhi mtu anakujia kwenye kabati lako: kocha anakuita, njoo na tableti yako. Ukisikia habari ya tableti, umekwisha, kwa sababu mbinu zote za timu zimo humo na wanazitaka zirudi. Halafu, kama hujatimiza misimu minne, hata huko kutemwa hujawa huru. Timu nyingine ina saa 24 za kukudai, na ikikudai unakwenda, upende usipende, mke awe na mimba au la.

Najua kuna mzee hapo anasema moyoni, "Lakini kasaini mkataba!" Mzee wangu, mkataba wa huko, isipokuwa fungu lililoandikwa kwamba limedhaminiwa, ni kibarua cha wiki. Mwaka 2018 mshahara wa chini wa mchezaji wa msimu wa kwanza ulikuwa dola 480,000, ukilipwa kwa mafungu 17, moja kila wiki. Gazeti litaandika 480,000. Kijana akitemwa wiki ya tatu ameshika mafungu matatu, kama dola 85,000, kabla ya kodi na kabla ya wakala. Si haba, sikatai. Lakini mjomba wake Kisumu ameshasoma lile gazeti.

Tena mkongwe wa misimu minne akiwa kikosini wiki ya kwanza, ana haki ya kudai mshahara wake wa msimu hata akitemwa. Unadhani timu hazijui? Zinasubiri mechi ya kwanza ipite, ndipo zinampigia. Ukiona mtu wa miaka thelathini na moja anasainiwa Septemba katikati, usiseme timu imegundua kipaji.

Basi Obada. Mwaka 2018 hatimaye akaingia kwenye wale 53, wa kwanza kutoka ule mpango wa nje kufika hapo. Septemba 23 akacheza mechi yake ya kwanza, dhidi ya Cincinnati: akamwangusha Andy Dalton, kwotabeki wao, yaani mrusha pasi, na akamdakia pasi. Wiki ile akatangazwa mlinzi bora wa NFC, moja ya makundi mawili ya ligi. Miaka mitatu ya kutupwa, na siku moja ya namna hiyo! Je, akatulia? Mwaka 2020 akaangusha makwotabeki mara tano na nusu, mwaka 2021 yuko Buffalo, mwaka 2022 yuko Washington. Oktoba 2023 akavunjika mguu uwanjani.

Mtaniambia, "Mbona Kiwanuka alitulia timu moja?" Kila mara lazima Mganda mmoja anitajie Kiwanuka! Ndiyo, Mathias Kiwanuka, mjukuu wa mwanasiasa wa Uganda Benedicto Kiwanuka, alichaguliwa raundi ya kwanza mwaka 2006, timu zilipogawana vijana wapya, na akakaa New York Giants muda wote. Raundi ya kwanza. Raundi hiyo ilichukua watu 32 tu, na yeye alikuwa wa 32. Hata huyo Giants walimwacha mwaka 2015. Tuendelee.

Nilitaka kueleza kwa nini watu wa katikati ya mstari hawaonekani, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa ufupi: kazi ya wengi wao ni kubeba wazuiaji wawili wa timu pinzani kifuani ili mwenzake aliye nyuma apite amkamate mwenye mpira. Jina linaloandikwa ni la mwenzake. Wakati wa kujadili mkataba, meneja anafungua takwimu, hakuna kitu. Mkanda wa mechi ndio unaomtetea, basi kijana ajifunze kuutunza.

Pensheni: misimu mitatu inayohesabika, na msimu hauhesabiki bila mechi tatu za malipo kamili. Wiki za kikosi cha mazoezi hazimo. Majeraha: timu inaweza kukulipa fidia ya wiki kadhaa ikakuaga, kwa hiyo usisaini karatasi ya daktari wao kabla hujamwona wako. Kuhusu ubongo unaoumia kwa kugongana nilikuwa na mengi, leo muda hautoshi.

Maswali. Mama Neema, wewe kwanza, nimeuona mkono tangu nilipomtaja Kiwanuka.