Usiifue Nguo Aliyokuja Nayo

Mabibi na mabwana, walionisikia kabla ya leo wanajua ninaanzia wapi: usiifue nguo aliyokuja nayo mtoto uliyempokea kumlea au kumwasili.

Najua inanuka. Mtoto kaletwa usiku, mzigo wake wote ni mfuko mmoja, ndani mna fulana mbili na shuka kukuu. Wewe mlezi msafi, mwenye nia njema, unaloweka vyote kabla hujalala. Kesho yake mtoto analitafuta shuka lake, analipata limekauka vizuri, analipeleka puani. Kisha analiweka chini na halishiki tena. Ile harufu ndiyo iliyokuwa imebaki ya mama yake, na umeimwaga na maji ya povu.

Naona kule nyuma mtu anatikisa kichwa: na chawa je? Swali zuri. Chawa wa kichwani hamalizi siku mbili mbali na kichwa cha mtu. Tia shuka kwenye mfuko wa plastiki, funga usiingie hewa, liache wiki mbili. Mayai nayo yatakuwa yamekwisha, harufu ipo palepale. Mwonyeshe mtoto mfuko ulipo, asije akadhani umetupwa. Kama kufua hakuepukiki, limejaa mkojo kwa mfano, muulize aliyekuwa akimlea walitumia sabuni gani, utumie hiyohiyo, na mtoto awepo mkifua.

Kwa nini nashikilia kitambaa? Kwa sababu huu ni msiba usio na matanga. Mtafiti wa familia Pauline Boss aliueleza vizuri: mtu hayupo, lakini hajafa. Kaburi hakuna, anayekuja kukupa pole hakuna. Mtoto wa kuasili haambiwi hata pole, anaambiwa "una bahati." Mwambieni hivyo mjane aliyeolewa tena, muone atakavyowatazama.

"Lakini wetu tulimpokea ana wiki tatu, hakumbuki kitu." Sawa. Akiwa na miaka minne atawatangazia wageni kwamba ameasiliwa, kwa furaha ileile anayoonyeshea viatu vipya. Kati ya sita na minane, akili inafunga hesabu: ili nyinyi mnipate, kuna mtu aliniacha. Hapo ananuna, anauliza maswali usiku, na wazazi wanamtafuta aliyemtia maneno shuleni. Hakuna aliyemtia maneno. Amekua tu. Na mtaniambia mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Kweli, lakini waliosema hivyo ndio haohao waliosema mkataa kwao mtumwa.

Sasa kitabu cha maisha, yaani kitabu cha picha na habari za maisha ya mtoto mwenyewe. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, wa 2009, unataka kitunzwe, mtoto mwenyewe akishiriki. Wengi wanakiharibu ukurasa wa kwanza: wanaanza na siku mtoto alipofika kwao, kama vile alidondoka kutoka mawinguni. Anza na kuzaliwa. Siku, mahali, uzito kama unajulikana, nani alimpa jina. Usichokijua, acha nafasi wazi yenye kichwa cha habari. Ukurasa mtupu una ukweli kuliko uliotungwa. Tumia faili la kutoboa ili kurasa ziongezeke, na bandika nakala za picha. Zile halisi zifungie, maana siku ya hasira atachana.

Na tafadhali, usiandike "mama yako alikupenda mno, ndiyo maana akakutoa." Nyinyi nanyi mnamwambia mnampenda, kila siku. Atajumlisha mwenyewe. Andika: "Mama yako hakuweza kumtunza mtoto wakati ule, mtoto yeyote. Hukukosea chochote."

Jina: msimbadilishe. Mkataba wa haki za mtoto wa 1989, kifungu cha 8, unalitaja jina ndani ya utambulisho wake. Mkitaka la kwenu, liongezeni baada ya lile alilokuja nalo.

Nilitaka kusema pia juu ya walezi waliokosa watoto wa kuzaa, ambao nao wana msiba wao hawajaulilia, lakini mwenyekiti ananyooshea kidole saa. Basi moja tu, kuhusu ndugu waliotenganishwa: siku zao za kuzaliwa ziandikwe kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu ileile mnayoandikia za wanenu. Haya, maswali. Yule wa chawa aanze.