Kabla ya rangi: ukarabati wa majengo makongwe ya serikali Mji Mkongwe

MWANAKHAMIS: Karibuni. Leo tuko Mji Mkongwe, Unguja. Seif, ukikabidhiwa kusimamia ukarabati wa jengo kongwe la serikali, unaanzia wapi?

SEIF: Kwenye mzigo na maji, Bi Mwanakhamis. Wakubwa hupenda kuona rangi na milango ya nakshi mapema. Lakini Beit al-Ajaib, kasri ya Sultan Barghash ya 1883 iliyokuja kuwa ofisi za serikali, iliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea. Watu wawili walifariki.

MWANAKHAMIS: Mungu awarehemu. Chanzo tuwaachie wachunguzi. Kuta zenyewe zikoje?

SEIF: Nyuso mbili za mawe ya matumbawe, katikati kifusi na chokaa, unene nusu mita na zaidi. Paa likivuja, maji hushuka humo ndani, chokaa inasombwa, nyuso zinaachana. Nje utaona kitumbo tu, yaani ukuta umevimba. Kwa hiyo paa na michirizi ya maji ya mvua hutangulia lipu.

MWANAKHAMIS: Na kuegemeza jengo kwa miti?

SEIF: Kabla ya kutoa hata jiwe moja! Na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaweka miti ghorofa ya pili, wanaiacha ya kwanza tupu. Mzigo umehamia kwenye sakafu iliyochoka. Miti ipangwe wima, mmoja juu ya mwenzake, hadi ardhini, chini yake mbao nene. Kwenye nyufa bandika jasi, andika tarehe. Jasi ikipasuka, ukuta unatembea, watu watoke.

MWANAKHAMIS: Kitumbo je, unakibomoa?

SEIF: Si lazima. Kama hakijazidi, unaingiza uji wa chokaa kwa mabomba madogo, kuanzia chini, bila kusukuma kwa nguvu. Usipande zaidi ya mita moja kwa siku, maana uji mbichi nao unasukuma ukuta nje.

MWANAKHAMIS: Mkandarasi atakwambia simenti ni haraka.

SEIF: Haraka, ndiyo. Halafu inafungia unyevu, chumvi inajikusanya nyuma yake, na jiwe laini ndilo linalomeguka. Tumia chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga usiwe wa pwani. Kila koti la lipu lisizidi milimita 10, lifunikwe magunia mabichi siku kadhaa. Masika usipige lipu ya nje kabisa.

MWANAKHAMIS: Ratiba ya serikali itavumilia?

SEIF: Iandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo. Boriti za mikoko pia: ncha zilizomo ukutani ndizo huoza, na huzioni mpaka ufungue dari. Ukiweka bei moja ya jumla, mkandarasi ataziacha mbovu kisha azipake rangi. Mimi ningelipa kwa kila boriti, ihesabiwe mbele ya msimamizi, na zibadilishwe moja baada ya moja, si dari nzima kwa mkupuo.

MWANAKHAMIS: Na ncha mpya?

SEIF: Ziingie ukutani sentimita 15 hivi, ziachiwe nafasi ya hewa. Fundi akizizungushia simenti, mwambie azitoe.