Biskwi za shokola za shangazi wa Uvira, kwa mbabula tu

Jambo bandugu, badada, na bale bote banaangaliaka video zangu usiku wakati bwana amelala, karibuni. Leo tunapika biskwi za shokola, zile za shangazi yangu wa Uvira, na tunazipika kwa mbabula, jiko la makala, hapa hapa Goma. Hapana furu ya kuokea. Umeme ukiwepo sawa, usipokuwepo sawa, biskwi zitatoka.

Vitu ni hivi: farini, unga wa ngano, gramu 250, kama vikombe viwili, siagi 150, sukari nyeupe 90, sukari ya kahawia 80, yai moja, bikarbonati nusu kijiko cha chai, chumvi vilevile, vanila kama uko nayo, shokola 150. Kwa daftari la shangazi sukari nyeupe ni 110 na farini 230, mimi njo nimebadilisha, na alininunia wiki mbili nzima. Lakini sikieni, Uvira iko pembeni ya ziwa Tanganyika, kimo chake karibu mita 800 tu juu ya bahari, sisi Goma tuko karibu mita 1,500, huku juu hewa ni nyepesi, maji yanatoka haraka ndani ya donge sukari inabaki, biskwi inalegea inatawanyika kama chapati. Nilipohamia huku nilifuata daftari neno kwa neno, nikatoa kitu kimoja kikubwa cha duara, batoto bakakigawana kwa kisu. Basi, punguza sukari, ongeza farini. Ba Bukavu na nyinyi mufanye hivyo. Ba Uvira mufuate shangazi.

Shokola. Zile punje za dukani mimi sizipendi, hata zikipatikana. Nachukua tablete nyeusi ya Mutwanga, kakao ya kwetu ya Beni, nakata na kisu hivi, vipande visilingane, kimoja kama ukucha wa dole gumba, kingine vumbi tu, ile vumbi njo tamu. Hata Ruth Wakefield, yule mama wa Massachusetts kule Marekani aliyeanzisha biskwi hizi miaka ya 1930, alikatakata tablete, punje za paketi zilikuja nyuma. Hapa palikuwa na kipande... nani amechukua? Nakuona. Toka jikoni.

Siagi na sukari unapiga kwa mwiko mpaka iwe nyepesi, yai, vanila, halafu farini na bikarbonati na chumvi, hiyo munajua, naruka. Aa, telefone ilikuwa imeteleza, munaangalia ukuta tangu mbele, poleni, hamukukosa kitu nilikuwa nakoroga tu. Shokola ndani, koroga mara mbili tatu, acha.

Donge lipumzike. Kwa frigo nusu saa. Hauna frigo, weka bakuli ndani ya beseni la maji baridi, funika, saa moja, na ukitumia margarini badala ya siagi ongeza hata nusu saa kwa sababu inalainika upesi. Na asubuhi ya Goma yenyewe ni frigo.

Sasa mbabula, na hapa naomba mukaribie. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu kimo cha vidole viwili, juu yake mawe matatu madogo ya volkano, haya tunakanyagaka kila siku, yawe makavu kabisa, jiwe lenye maji linaweza kupasuka. Halafu funiko. Makala ya chini KIDOGO. Narudia, ya chini kidogo, ya juu ya funiko mengi. Mutu anaona mbabula anafikiri moto unatoka chini, kwa biskwi hapana, moto unatoka juu. Siku ya kupokea mahari ya mdogo wangu nilijaza makala chini kama ninapika maharage, biskwi 40, juu nyeupe kabisa chini nyeusi kama lami, na wakwe walikuwa wamekwisha kukaa kwa viti. Tuliwapa njugu. Kwa hiyo chini vipande vitano sita hivi, juu tandaza funiko lote.

Acha ipate joto dakika 15. Kujua kama iko tayari weka farini kidogo kwa sahani ya bati, ingiza, ikikuwa kahawia nyepesi kwa dakika tano hivi, sawa. Ikikuwa nyeusi? Toa makala ya CHINI, si ya juu. Mwenye furu ya umeme, digri 180, na anaweza kwenda kulala.

Tengeneza viduara kama limau ndogo, sita kwa sahani, viachane vidole viwili, sahani juu ya mawe, funika. Dakika kumi usifungue. Usifungue! Ukifungua joto lote linatoka na majivu yanaingia, funiko la kawaida halina ukingo, majivu yanamwagika kwa shokola, njo maana mimi nauza haya yenye ukingo, shemeji yangu anayafua kwa bati la fatu, lile pipa, mwenye kutaka aniandikie.

Mvua hiyo. Munanisikia? Hii bati ya nyumba yetu, mbona leo... ngoja nisogee.

Haya, dakika 12. Ona, pembeni imekauka, katikati bado laini kama haijaiva. Toa sasa hivi. Ukingoja katikati ikauke utakula matofali. Lakini usiishike, iache kwa sahani dakika tano ijishike yenyewe, mimi nilishikaka ya kwanza ikaanguka kwa mguu, shokola ya moto haina urafiki.

Sahani ya pili naongeza makala juu mapya, chini nimegusa? Sijagusa. Hii moja imeungua kidogo pembeni, hiyo ni ya kwangu na chai, zile zingine... zilikuwa sita hapa. Wee! Rudi na hiyo sahani!