Bamvua Ubaoni

Walimu wenzangu, asalaam alaykum. Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka yangu ya mwanzo ya kusomesha jiografia hapa Unguja nilitunga mtihani, kwa Kiingereza kama kawaida yetu, nikauliza habari za bamvua, yaani siku ambazo maji ya bahari hujaa sana na kupwa sana. Kwa Kiingereza bamvua na chemchemi wanagawana neno moja, spring. Basi mwanafunzi mmoja akajibu kuwa ni maji yanayobubujika kutoka chini ya bahari. Nikampa sufuri. Baadaye ndipo nikajua kuwa mama yake analima mwani, na mwezi ukiandama mtoto yule yumo majini pamoja naye, anafunga mbegu kwenye kamba. Bamvua akilijua kwa miguu. Mimi nililijua kwa mchoro.

Tangu hapo somo la maji kupwa na kujaa nalifanyia pwani. Tunasimika mti wenye alama za sentimita, wanafunzi wanaandika saa ambayo maji yamepwa kabisa, kuanzia mwezi mosi hadi mwezi kumi na tano, kwa hesabu ya siku tangu mwezi kuandama. Kabla ya hapo kila mmoja huuliza nyumbani: kesho maji yatapwa saa ngapi? Jibu la nyumbani linaandikwa safu ya kwanza, la kitabu ya pili, la mti ya tatu.

Kitabu kinasema kila siku maji huchelewa dakika 50. Kina mama wakasema sivyo: siku za bamvua yanachelewa kidogo tu, yakikaribia maji mafu, siku ambazo hayajai wala hayapwi sana, yanajivuta. Mti ukawapa haki kina mama. Kitabu nacho hakikusema uongo, kwani dakika 50 ni wastani. Nimesomesha wastani miaka mingi kwa mifano ya maembe na alama za mtihani, lakini siku hiyo ndiyo niliyoona darasa zima limeelewa kile ambacho wastani unakificha.

Tukiuliza sababu, mama hujibu: "Mwezi ndio unaoyavuta." Si haba! Galileo, na ukubwa wake wote, mwaka 1632 alimshangaa mtaalamu wa nyota mwenzake, Kepler, kwa kuamini jambo hilo hilo. Lakini kwa nini mwezi saba maji yanakuwa mafu, hapo mama hunyamaza, na mwanafizikia Newton ndiye anayesema: jua na mwezi wakiwa mstari mmoja wanavuta pamoja, wakikaa pembe mraba kila mmoja anapunguza kazi ya mwenzake. Hapo ndipo ninaposhika chaki.

Mnamjua gombessa? Mwaka 1938 Afrika Kusini alivuliwa samaki ambaye wataalamu walidhani ukoo wake ulitoweka zama za dinosaria. Mtaalamu wa samaki, J. L. B. Smith, akamtafuta wa pili kwa miaka 14, akatangaza zawadi ya pauni 100. Akapatikana kisiwa cha Anjouan, Komoro, mwaka 1952, kwa wavuvi waliokuwa wakimwita gombessa siku nyingi. Wao hawakujua ukale wa ukoo ule. Smith naye hakujua wa kumuuliza.

Ila siwafuati wanaotaka kila neno la mzee liingie darasani bila kuguswa. Wazee wamesema kilimia, lile kundi la nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mimi huandika ubaoni kama dai. Kilimia hupotea magharibi masika yakiwa yamekolea, huonekana tena alfajiri mwezi wa Juni, masika yakiwa yamekwisha. Upande huo wa methali unasimama vizuri. Lakini nyota hurudi kila mwaka siku zile zile, na mvua haiendi hivyo. Wanafunzi wachukue rekodi za mvua za miaka 30 wakague, na wakikuta mzee amekosea waandike amekosea. Hiyo nayo ni heshima.

Mmeniuliza kama nawaalika kina mama darasani. Nilijaribu, hakuja hata mmoja, nikaudhika. Kumbe niliwaalika mwezi mbili! Kwetu siku za bamvua maji hupwa kama saa nne asubuhi, na hizo ndizo siku zao za kazi. Sasa nawaalika maji mafu, wanakuja. Kisha nikafungua daftari la mahudhurio la mwaka ule, nikahesabu madawati matupu siku baada ya siku. Yalipanda na kushuka mara mbili kila mwezi, sawasawa na mti wetu wa pwani.