Urani Haikai Mlimani

Ndugu zangu, kila nikizungumza Dodoma lazima atokee mtu na jiwe kwenye kiroba. Naona leo lipo moja mstari wa tatu. Mzee wangu, liweke tu chini, halilipuki.

Nimelisema hili mpaka sauti imekauka, nalirudia: urani, yale madini ya nishati ya nyuklia, huku kwetu haikai mlimani. Watu wanapanda majabali na nyundo, wanagonga, wanashuka na ndoto. Granaiti ya kawaida, ndilo jiwe la majabali haya, ina gramu 4 hivi za urani katika tani nzima ya jiwe. Gramu nne! Ponda jabali lote, utauza kokoto, na biashara hiyo angalau ina wateja.

Sasa ile urani iliyogunduliwa Bahi, hapa jirani na Dodoma, imetoka wapi? Imetoka kwenye majabali hayohayo. Ngojeni, sijajipinga. Mawe haya yana zaidi ya miaka bilioni 2.5, na hata jiwe huoza. Chukua lililochakaa ulikwangue kwa ukucha: kati ya madini yake, felispa imelegea imekuwa udongo, ulanga unabanduka, kwatzi peke yake ndiyo bado inakukatalia. Urani iliyokuwa imefungwa humo inaachiwa. Ikipata maji yenye oksijeni inayeyuka, inashikana na kaboneti iliyomo majini, inaanza kusafiri chini kwa chini kufuata mteremko. Na mteremko unaishia wapi? Mto Bubu unamwaga maji kwenye bwawa la Bahi, na pale hayana njia ya kwenda baharini. Jua linayakausha, chokaa inaganda, na urani ikikutana na vanadi na potasi inabaki pale kama chumvi kwenye chungu cha mpika chumvi. Pasua donge la chokaa hiyo: nje jeupe la vumbi, ndani kwenye nyufa kuna unga wa manjano umejibandika. Hiyo ndiyo kanotaiti, madini yenye urani ndani yake. Si kila cha manjano, jamani. Kutu ya chuma nayo ina manjano yake, na imeshawatia watu hasara. Manyoni ni habari hiyohiyo. Urani ya Langer Heinrich kule Namibia na ya Yeelirrie kule Australia, vilevile.

Atasimama mtu aseme: mbona Mkuju, kule Namtumbo mkoani Ruvuma, urani iko kwenye mawe ya mchanga? Nako ni maji! Yaliibeba mpaka mahali pasipo na oksijeni, ikashindwa kuendelea, ikatulia. Huku imeachwa na jua, kule imenaswa. Kwa hiyo anayekuuzia ramani ya vilima mwambie alete ya maji.

Na maji hayohayo ndiyo tunayachimbia visima. Hapa ndipo watu huanza kuangalia simu, na hapa ndipo nataka mnisikilize. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa mikrogramu 30 za urani kwa lita ya maji ya kunywa. Ikizidi, wa kwanza kuhofiwa ni figo. Ule mwanga wa kijani unaodhaniwa kutoka kwenye urani waachieni watu wa sinema. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, urani inabaki palepale. Tunapima chumvi, tunapima floridi, halafu tunakata utepe na kupiga picha. Ongezeni kipimo kimoja tu.

"Kwa hiyo mpunga wa Bahi tusile?" Sijasema hivyo, msinilishe maneno. Anayetaka kujua habari za mpunga aupime mpunga, asipime mdomo wangu.

Dhahabu nilikuwa nayo kwenye karatasi hii, lakini mshehereshaji ameshaninyooshea saa. Kwa haraka: migodi mikubwa ya dhahabu kama Geita haiko kwenye granaiti yenyewe hasa, iko kwenye mikanda ya mawe ya kijani, yaani mawe ya kale ya volkano na mashapo, iliyobanwa katikati ya granaiti. Vito na leseni, siku nyingine. Maswali sasa. Aliyekuja kuuliza bei ya urani amwachie kwanza yule mwenye swali la kisima.