Ulinzi Ukifeli, Anayefichwa ni Nani?

ZUHURA: Mfumo wa ulinzi wa taifa ukifeli, serikali iseme au inyamaze? Kaka Hamisi, wewe nakujua, utasema iseme.

HAMISI: Iseme, ila si kila kitu, wala si papo hapo. Kwanza niambie anayefichwa ni nani. Dhahran, Saudi Arabia, Februari 25, 1991, Vita vya Ghuba: kombora la Scud la Iraki lilipiga kambi ya Marekani, wanajeshi 28 wakafa. Betri ya Patriot, yaani kikosi cha mitambo ya kutungua makombora, ilikuwepo, imewashwa, na haikufyatua hata kombora moja.

ZUHURA: Kisa saa ya kompyuta.

HAMISI: Saa tu, dada! Ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Sasa moja ya kumi, ukiiandika kwa sifuri na moja za kompyuta, haina mwisho, kama theluthi kwenye desimali. Nafasi ni biti 24, yaani sifuri na moja 24 tu, mkia unakatwa. Kila mpigo unapoteza kama sekunde 0.000000095.

ZUHURA: Hicho nacho ni kitu?

HAMISI: Betri ilikuwa haijazimwa kwa saa 100 hivi. Mapigo milioni 3.6. Zidisha, unapata sekunde 0.34, na Scud inakwenda zaidi ya kilomita moja na nusu kwa sekunde. Rada inaliona kombora, kompyuta inakadiria litatokea wapi, kisha inachungulia hapo tu. Hapo penyewe pamehama zaidi ya nusu kilomita. Haikuti kitu, inahesabu hakuna shabaha.

ZUHURA: Na dawa yake ilikuwa kuzima na kuwasha.

HAMISI: Dakika moja hivi! Waisraeli, nao walikuwa na Patriot, walishaonya Februari 11 kwamba baada ya saa 8 usahihi unayumba. Februari 21 vikosi vikapelekewa ujumbe: mfumo ukiendeshwa muda mrefu sana, shabaha inaweza kuhama. Muda mrefu sana ni saa ngapi? Haukusema. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26.

ZUHURA: Kesho yake. Lakini hapo nakubana. Ungetangaza vitani kwamba baada ya saa 20 Patriot inapofuka, Iraki wangesubiri ya 21.

HAMISI: Sikatai. Namba ile ilitakiwa kwa askari aliyekaa mbele ya skrini, si gazetini. Gazetini ni baadaye. Mwaka 1992 wakaguzi wa Bunge la Marekani walichapisha ripoti yenye jedwali kabisa: saa ngapi, mita ngapi. Kasoro ilishazibwa, kwa hiyo adui hakuokota chochote cha kumfaa.

ZUHURA: Na wanaoficha ili wananchi wasivunjike moyo?

HAMISI: Manowari ya Uingereza, Audacious, iligonga bomu la majini Oktoba 27, 1914, kaskazini mwa Ireland, ikazama. Haikutangazwa mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia vimekwisha, Novemba 1918. Na wakati inazama, meli ya abiria Olympic ilikuwa pale pale, ina Wamarekani, wanapiga picha.

ZUHURA: Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapo kata zilijaa meli nzima.

HAMISI: Wiki za mwanzo naelewa, Wajerumani walikuwa hawana hakika. Miaka minne sielewi. Anayebaki gizani ni mlipa kodi.

ZUHURA: Wakati wa amani je?

HAMISI: Huko ndiko kisingizio kinapokuwa chembamba zaidi. Juni 2016 Uingereza ilijaribu kombora la Trident, la kubebea silaha za nyuklia, kutoka baharini karibu na Florida. Likaripotiwa kupotea njia. Julai 18 wabunge wakapigia kura nyambizi mpya za kubeba makombora hayo hayo, hawajaambiwa. Gazeti likafichua Januari 2017.

ZUHURA: Na Theresa May, waziri mkuu wao wakati huo, akaulizwa kwenye televisheni kama alijua kabla ya kura.

HAMISI: Mara nne. Zote nne hakujibu.