Msimu Huu, Anzeni na Karatasi

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Asanteni kwa kuja, na nawashukuru waandaaji kwa kunipa nafasi hii.

Mada niliyopewa ni maonyesho ya sanaa ya kutembelea msimu huu katika jiji kubwa. Najua wengi mmekuja na kalamu mkitarajia orodha. Orodha sina. Kila jiji lina yake, na mtaipata kwenye simu kabla sijafika nusu ya maneno yangu. Shida ya jiji kubwa ni wingi: msimu mmoja huleta maonyesho ambayo hata mtu asiye na kazi hawezi kuyamaliza. Kwa hiyo nitawaeleza jinsi mimi ninavyochuja. Nikisoma tangazo la maonyesho yoyote, huwa najiuliza jambo moja: nikiikosa kazi hii sasa, nitaiona tena lini?

Jaribuni kujiuliza hivyo mtaona mpangilio wa orodha yenu unavyobadilika. Mona Lisa haiendi popote. Guernica, ile picha kubwa ya Picasso, iko Madrid tangu 1981 na hairuhusiwi kusafiri. Mwakani mtaikuta palepale. Picha kubwa za rangi ya mafuta zenye ukumbi wake wa kudumu zinaweza kusubiri. Zisizosubiri ni kazi za karatasi: michoro ya penseli na wino, rangi za maji, chapa (picha zinazopigwa karatasini kutoka ubao au bamba lililochongwa), picha za mwanzo za kamera. Na hizi ndizo watu huzipita wakikimbilia ukumbi wa picha kubwa.

Sababu ni mwanga. Wahifadhi wa makumbusho hupima mwanga kwa kipimo kinachoitwa luksi. Jua kali la mchana hufika luksi 100,000 hivi. Picha ya rangi ya mafuta kwa kawaida huwekewa kama 200. Rangi ya maji na chapa hupewa 50 tu. Ndiyo maana chumba cha karatasi kina kiza kidogo, na hakosekani mgeni wa kulalamika kwamba jumba linabania umeme. Simameni kwanza dakika chache bila kutazama chochote. Macho yakizoea, mtaona vizuri.

Lakini hata hizo luksi 50 zinakula. Madhara ya mwanga hujilimbikiza: mwanga hafifu kwa muda mrefu hufanya sawa na mwanga mkali kwa muda mfupi, na rangi ikishapauka hakuna fundi wa kuirudisha. Kwa hiyo kazi ikishaning'inia miezi mitatu, hurudi kwenye sanduku lake, na humo mara nyingi hukaa miaka.

Mfano ninaoupenda ni wa Turner, mchoraji wa Kiingereza. Mkusanyaji mmoja wa London, Henry Vaughan, alifariki mwaka 1899. Wosia wake uliliachia jumba la sanaa la taifa la Scotland, mjini Edinburgh, picha 38 za rangi ya maji za Turner. Nyingine 31 zikaenda jumba la sanaa la taifa la Ireland, mjini Dublin. Zile za Edinburgh aliziwekea masharti: zionyeshwe zote pamoja, bure, na mwezi wa Januari peke yake. Januari kule kaskazini jua ni dhaifu sana. Mzee yule hakuwa na kipimo cha luksi, ila alijua anachokilinda. Zaidi ya miaka 120 imepita na sharti lake bado linafuatwa, na Dublin nao huonyesha zao Januari. Mwaka 2025, Turner alipotimiza miaka 250 tangu kuzaliwa, majumba hayo mawili yakabadilishana picha kwa mwezi huo mmoja.

Mkibahatika kusimama mbele ya rangi ya maji ya Turner, msianze na mandhari. Tafuteni sehemu nyeupe kabisa: povu la maji, ukingo wa wingu. Mara nyingi hapo hakupaka kitu. Ni karatasi yenyewe aliyoiacha wazi, au aliyoikwaruza kwa kisu, hata kwa ukucha, mpaka weupe ukatokea chini ya rangi. Ukiinamia kidogo unaona nyuzi za karatasi zilizoinuka. Hilo hakuna kitabu wala simu itakayokuonyesha.

Yuko pia sungura wa Dürer, mchoraji wa Kijerumani, aliyechorwa 1502, anayemilikiwa na jumba la makumbusho la Albertina mjini Vienna. Wageni wengi hufika wakidhani yuko ukutani siku zote. Hayuko. Hutolewa kwa nadra, kama alivyotolewa kwenye maonyesho makubwa ya Dürer ya 2019, kisha anarudi gizani. Siku akiwa nje, tazameni jicho lake: ndani yake kuna dirisha dogo linaloakisiwa, pamoja na fremu zake. Mnyama yumo chumbani, na chumba kimo jichoni mwake.

Na Hokusai, msanii wa Japani. Lile wimbi kubwa la mwaka 1831 hivi, ambalo sasa liko hadi kwenye vikombe na soksi, ni chapa ya ubao, kwa hiyo nakala ni nyingi na zimesambaa katika makumbusho ya dunia. Hazifanani. Buluu yake ni ile iitwayo buluu ya Prussia, rangi iliyotoka Ulaya, nayo ni ngumu, haipauki upesi. Mbingu, kinyume chake, ilikuwa na waridi hafifu, na katika nakala nyingi waridi hiyo imekwisha. Mtu anayeona mbingu ya kijivu tupu anadhani ndivyo Hokusai alivyotaka. Ukisikia nakala iliyohifadhiwa vizuri inatolewa kwa wiki chache, ahirisha mengine.

Kuna jambo moja la kiutendaji hapa ambalo matangazo hulitaja kwa herufi ndogo. Maonyesho ya karatasi yakiwa marefu, waandaaji wakati mwingine hubadilisha karatasi katikati: nusu inashuka, nusu nyingine inapanda. Piga simu uulize. Usije ukafika mwezi wa tatu kutafuta mchoro ulioshushwa mwezi wa pili.

Baada ya karatasi, mimi hutafuta maonyesho yanayokutanisha kazi zilizotawanyika. Van Gogh alichora chumba chake cha kulala mara tatu. Picha hizo ziko Amsterdam, Chicago na Paris, na ni mara chache sana zimekaa ukuta mmoja. Chicago walifanikiwa mwaka 2016. Zikiwa pamoja unaweza kulinganisha kuta za kila moja. Van Gogh alimwandikia mdogo wake Theo kwamba kuta ni za zambarau hafifu. Leo ni za buluu, kwa kuwa wekundu uliochanganywa humo umepauka. Mnaona kwamba hata mafuta hayako salama.

Kukutanisha picha ni kazi ya miaka ya kuombana, bima na makreti, na kila anayeazima ana masharti yake. Jumba la Rijksmuseum la Amsterdam lilipokusanya picha 28 za Vermeer, mchoraji wa Kiholanzi, mwaka 2023, ilhali picha zake zinazojulikana duniani hazifiki 40, tiketi ziliisha siku chache tu baada ya milango kufunguliwa. Maonyesho yalidumu hadi mwanzoni mwa Juni, lakini picha yake maarufu kuliko zote, yule msichana wa hereni ya lulu, alirudishwa kwao Den Haag tangu mwisho wa Machi. Waliosema "tutaenda Mei, watu wamepungua" walikuta ameshaondoka. Kwa hiyo someni kibao cha maelezo, mstari wa chini kabisa, unaotaja mwenye kazi. Ukiona kazi nyingi zimeazimwa mbali, nendeni mapema.

Za tatu ni kazi zilizojengwa kwa ajili ya chumba kimoja. Nitazipitia haraka kwa kuwa hizi hujitangaza zenyewe. Msanii wa Marekani Kara Walker mwaka 2014 alisimamisha sanamu kubwa ya mwanamke mwenye umbo la sfinksi, yule kiumbe wa hadithi mwenye kichwa cha mtu na mwili wa simba, iliyofunikwa kwa sukari, ndani ya kiwanda cha zamani cha sukari huko Brooklyn. Maonyesho yalipokwisha ikavunjwa, na sehemu kubwa ya kiwanda ikafuata. El Anatsui wa Ghana alitundika mapazia yake ya vizibo vya chupa katika ukumbi mkubwa wa jumba la Tate Modern, London, kuanzia Oktoba 2023 hadi Aprili 2024. Ukiwa mbali unaona kitambaa cha kifalme. Ukisogea unaona vizibo vya pombe vilivyopondwa na kuunganishwa kwa waya. Muda ulipokwisha, mapazia yakashuka.

Mtaniuliza juu ya yale maonyesho ya kumulika picha ukutani kwa projekta, muziki juu, watoto wakikimbia. Nendeni mkitaka, watoto hufurahi. Ila msiyahesabu kwenye orodha hii: hakuna kazi halisi hata moja mle ndani, na mwakani yatakuwa bado yanazunguka.

Sasa, mkishachagua, punguzeni. Utafiti uliofanyika katika jumba la Metropolitan la New York na kuchapishwa 2001 ulikuta kwamba mtu hutumia wastani wa sekunde 27 mbele ya kazi moja, tena pamoja na kusoma kibao. Mimi ninachofanya ni kuvuka vyumba vyote haraka bila kusimama, kisha kurudi kwenye kazi nne au tano tu. Chumba cha kwanza hujaa kila wakati kwa sababu kila mtu ameingia na nguvu mpya. Kiacheni, mtakirudia.

La mwisho, na hili linawahusu hata mtakaokosa msimu mzima. Makumbusho mengi makubwa yana chumba cha kusomea michoro na chapa. British Museum wana michoro 50,000 hivi na chapa zaidi ya milioni mbili, na ukutani haziwezi kuwapo ila chache mno. Zilizobaki zinaweza kuombwa. Unaandika mapema, unataja unachotaka kuona, unapewa siku. Si lazima uwe profesa. Unakaa mezani, unaletewa sanduku, na kazi inawekwa mbele yako bila kioo wala foleni nyuma yako, kwa muda mrefu kuliko ambavyo ukumbi wowote ungekuruhusu. Mikono iwe safi, na kalamu za wino hazikubaliwi; chukueni penseli.

Naona mikono imeshaanza kuinuka huko nyuma. Karibuni maswali.